Darasa la Midomo Iliyofumbwa

Karatasi hii ni ya nne. Tatu za kwanza nimezichana kwa sababu mstari wa kwanza haukunipendeza, na hii nayo haijanipendeza, ila nimeamua iende hivyo hivyo. Nawaambia mapema, vijana wangu mnaoanza ualimu, ili mjue mnazungumza na mtu wa namna gani. Nimeshika chaki miaka thelathini na kitu, Newala juu na Masasi chini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeiishi kwa hofu ya kukosea.

Mnakuja hapa kwangu Mkomaindo, mnakaa mkekani, mnaniuliza, "Mwalimu Asumini, ulifanyaje mpaka watoto wakapenda kusoma na kutunga? Wa kwetu ukiwapa kitabu wanasinzia." Mnadhani nina dawa. Nilichonacho ni makosa, na moja kati ya hayo lina jina la mtoto. Nitawasimulia hilo moja. Mengine mtayafanya wenyewe.

Mimi nilimaliza darasa la saba nikachukuliwa kufundisha huku mwenyewe nafundishwa. Vijitabu vya kujisomea, vipindi vya redio, mtihani mwishoni. Chuo sikukikanyaga kwa miaka mingi. Mengi niliyoyajua nilijifundisha mwenyewe kwa mwanga wa koroboi, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake: anadhani kila aliyepita chuo anamsoma usoni. Andalio la somo nililiandika mara tatu. Mstari wa ubaoni uliopinda niliufuta hata kama darasa zima lilikuwa limeshaunakili. Siku moja niliandika "Jumatano" ubaoni na kumbe ilikuwa Alhamisi, hakuna mtoto aliyegundua, lakini mimi wiki nzima sikula vizuri.

Silaha yangu ilikuwa kalamu nyekundu. Niliamini kwamba mwalimu akiwahi kuyaona makosa ya wengine yote, hakuna atakayepata muda wa kuyaona yake.

Nilipangiwa kijiji cha juu, kwenye uwanda wa Makonde upande wa Newala. Jina silitaji, maana wenyewe hawakunituma. Ninyi wa Masasi mmezoea bomba. Kule maji yalikuwa bondeni. Wasichana wanateremka alfajiri, wanapanda na ndoo kichwani, na wanapofika shuleni miguu yao imeshamaliza kazi ya siku kabla rimu ya gari tuliyoifanya kengele haijagongwa.

Ilikuwa ile miaka biashara zilipofunguliwa. Huku Masasi sokoni, vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni vikajaa mpaka vikamwagika barabarani: sabuni za kunukia, mitumba, madaftari yenye maua kwenye jalada. Wanunuzi wa korosho wakawa wanakuja na magari yao. Hata vitabu vya hadithi nilivikuta dukani, vimening'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo kama soksi. Lakini kule juu hakikupanda kitu. Tulikuwa na vitabu vya kusoma kumi na kimoja kwa watoto hamsini na wanne, na mchwa walikuwa wameshaanza kuvisoma kabla yetu.

Kusoma kwenyewe kulikuwa hivi. Mimi nasoma sentensi, darasa linaijibu kwa sauti moja. Nasoma nyingine, linajibu. Ukipita nje ungesema shule ile imejaa wasomaji. Na aliyekuwa anaiongoza kwaya hiyo alikuwa msichana wa darasa la tatu, Mwanaidi. Huyo alikuwa na sauti, jamani. Akishika kitabu anasoma ukurasa mzima bila kugugumia, anatua penye nukta, anapandisha sauti penye swali. Mkaguzi wa shule alipotutembelea mwaka wangu wa kwanza pale, nilimsimamisha Mwanaidi. Mkaguzi akapiga makofi, akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba usomaji katika darasa langu unatiririka kama maji. Nililisoma neno lile mpaka karatasi ikachafuka. Maji, katika kijiji kisicho na maji! Nikajiona na mimi ni mwalimu.

Kutunga ndiko kulikonishinda. Niliwaambia waandike insha juu ya chochote wanachokipenda, na daftari hamsini na nne zikarudi na ng'ombe. Ng'ombe ni mnyama wa kufugwa. Ana miguu minne na mkia mmoja. Hutupatia maziwa. Kijiji kile hakikuwa na ng'ombe hata mmoja, angekunywa nini? Nilimwuliza mtoto mmoja, Salumu, ng'ombe ana ukubwa gani. Akafikiri kwanza.

"Anamzidi mbuzi, mwalimu," akasema. "Ila siyo sana."

Nikajiambia, hawa wana bibi zao, na bibi wana hadithi. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nikaandika ubaoni: Simulia hadithi moja aliyokusimulia bibi yako, kisha iandike. Nikamwita Mwanaidi aanze. Akasimama, akatazama vidole vya miguu. Nikamwita Salumu. Akasimama naye, akatazama vidole vyake. Nikaita safu nzima ya mbele, wakasimama wote, kimya, kama watu waliokubaliana. Nilidhani ni ukaidi. Nilidhani wameshajua kwamba mimi si mwalimu wa kweli. Nikachukua fimbo, nikapiga viganja vya safu nzima, akiwemo Mwanaidi. Naandika hili kwa mkono ule ule.

Kesho yake bibi yake Mwanaidi akaja shuleni. Mama mfupi, chale za zamani usoni, kaniki imefungwa kifuani kama ya mtu anayekwenda kulima, na sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu unayetaka wajukuu zetu waote pembe?"

"Pembe?"

"Pembe, ndiyo. Hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Anayesimulia mchana anaota pembe. Hujui hilo? Kwenu hakuna bibi?"

Nikacheka. "Bibi, hayo mambo ya zamani. Kitaalamu mtu hawezi..."

"Alaa! Basi simulia wewe. Hapa hapa. Sisi tunakutazama kichwa."

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Nampota, Mmakua wa upande wa Lupaso ambaye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, alikuwa amesimama mlangoni akitafuna ming'oko, vile viazi vya porini. Akasogea ili aone vizuri. Nikafungua mdomo. Nawaapia, vijana wangu, hakikutoka kitu. Maana bibi yangu mimi, hapa hapa Masasi, alinikataza jambo lile lile nikiwa na miaka mitano. Mimi mwenye vijitabu vya saikolojia ya mtoto nikajikuta mkono umepanda kichwani, napapasa kitambaa.

"Umeona?" akasema bibi. "Nyie Wayao mnauza maneno mchana kutwa kama karanga, lakini hilo hata ninyi hamliuzi."

"Fimbo yake nitakuwekea akiba, bibi," akasema Mwalimu Nampota, "huenda akaota na kwato."

Walicheka wote wawili kwa gharama yangu. Nilikuwa karibu kulia kwa aibu, na mtu akiwa karibu kulia huwa anashika chochote. Nikasema, "Na kama mdomo umefumbwa? Kama anaandika tu, hasemi?"

Bibi akaacha kucheka. Akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akaiwaza habari hiyo kama hakimu.

"Kalamu inatoa sauti?"

"Haitoi."

"Na anayesoma?"

"Anaweza kusoma kwa macho tu, bibi."

"Nani kasema? Kila siku nawasikia hapa mnapiga makelele mpaka kuku wangu hawatagi." Akaikaza kaniki kifuani. "Haya. Pembe inaitwa na ulimi. Mkono sijasikia. Waandike, wasome kwa macho, midomo wafumbe. Lakini nikisikia hata mmoja ananong'ona, nakuja na fimbo, na nitaanza na viganja vyako wewe."

Hivyo ndivyo kipindi cha kimya kilivyozaliwa, kila Alhamisi saa nne. Sikukibuni mimi. Kilibuniwa na bibi mmoja anayelinda vichwa vya wajukuu.

Alhamisi ya kwanza waliandika. Mungu wangu, waliandika! Hakuna aliyemwandika ng'ombe. Nilibeba madaftari nyumbani nikiwa na furaha, nikaishika kalamu nyekundu, na asubuhi hakukuwa na mstari uliopona. Alhamisi ya pili kila mtoto aliandika mistari mitatu. Ya tatu, miwili. Walikuwa wanatumia yale maneno machache tu waliyokuwa na hakika nayo, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mwalimu Nampota alipita mezani kwangu, akafunua daftari la juu.

"Mama Shaibu," akasema. Shaibu ni mwanangu wa kwanza. "Umechinja kuku humu?"

"Nasahihisha, Baba Agnesi."

Akasoma kidogo. "Mtoto anakusimulia kwamba fisi kaangukia shimo la maji ya mvua. Wewe unamjibu, herufi kubwa. Je, fisi alitoka?"

"Samahani?"

"Fisi. Alitoka shimoni au yumo mpaka leo?"

Nilikuwa nimeusahihisha ukurasa ule wote, nimehesabu makosa yake na kuyaandika chini, na sikuwa najua kama fisi alitoka. Mzee akaichukua kalamu nyekundu, akaitia mfukoni mwake, akaniachia penseli. Hakusema la zaidi. Alikuwa mtu wa kuokoa maneno.

Kuanzia hapo nikawa naandika swali moja tu chini ya hadithi, kwa penseli. Fisi alitokaje? Mama yake alisema nini alipoona nguo imelowa? Hili ndilo la kulishika kama hamtashika jingine: liwe swali moja, na liwe swali ambalo wewe mwenyewe jibu lake hulijui na unalitaka. Mtoto anajua swali la kumpima na anajua swali la mtu mwenye hamu. Makosa ya uandishi niliyachukua pembeni, nikayafundisha siku nyingine ubaoni, mawili matatu kwa wiki, bila kutaja la nani. Nisiwadanganye, iliniuma. Kuacha kosa bila kulipiga mstari ilikuwa kwangu kama kuacha mlango wazi na mbuzi yuko nje. Lakini hadithi zikarefuka. Salumu aliandika kurasa nne juu ya fisi na shimo lake, na fisi akatoka kwa kumwahidi kobe kwamba atamwoza dada yake, na dada mwenyewe akakataa.

Tukavitengeneza vitabu. Karatasi za daftari katikati, jalada la mfuko wa saruji, uzi wa katani, gundi utomvu wa mkorosho. Havikuwa na gharama na vilikuwa vyao. Vikawa kumi, vikawa ishirini, mpaka vikatosha kila mtoto kushika kimoja. Basi mchwa wakapata habari.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani hakuna mwalimu wa mkoa mwingine angeweza kulifanya. Mnajua mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale watu wanayapaka kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wasiziguse. Mnajua pia yanavyochoma ngozi. Mimi nilizaliwa kwenye korosho, niliyajua kuliko ninavyoijua sala. Lakini nilitaka vitabu vile vidumu milele, na nikajiambia kwamba yakikauka hayana neno. Nikapaka majalada, na kwa sababu mimi ni mtu wa kukamilisha, nikapaka na kingo za kurasa pande zote. Nikaanika siku mbili juani. Vilipendeza, vyeusi vinang'aa kama misahafu.

Niliwagawia Alhamisi. Sikukumbuka jambo moja: mtoto akifunua ukurasa, analamba kidole.

Ijumaa asubuhi, mstarini, nilikuta midomo imetuna kama mabibo yaliyoiva. Mama mmoja alinifuata hadi ofisini amemshika mwanawe mkono. "Mwalimu," akasema, "ulisema midomo ifumbwe. Hukusema ivimbe!" Nilitaka ardhi ipasuke. Tulipaka mafuta ya nazi darasa zima, nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na majalada yote, pamoja na kingo za kurasa nilizozikata kwa mkasi, nikayafukia mwenyewe nyuma ya choo. Waliponipokea walicheka zaidi ya kulaumu. Mzee mmoja alisema hajapata kuona mtu anatengeneza kitabu kinachouma msomaji.

Lakini nilipokuwa napaka yale mafuta ya nazi niliona kitu. Watoto sita au saba midomo yao ilikuwa salama, laini kabisa. Nilifurahi kwa ajili yao, kisha nikashangaa. Walikuwa wamevishika vitabu kipindi kizima kama wenzao. Kisha nikaelewa. Hawakuumia kwa sababu hawakufunua ukurasa wa pili. Walikuwa wanautazama ukurasa mmoja tu, saa nzima, kwa adabu.

Na mmoja wao alikuwa Mwanaidi.

Nilikataa kuamini. Alhamisi iliyofuata nilimpa kila mtoto kipande cha karatasi kimeandikwa: Ukimaliza kusoma hapa, toka nje, chuma jani la mkorosho, uniletee. Ni njia nzuri, itumieni. Darasa likatoka mmoja mmoja, kimya, wakirudi na majani yao. Wale wachache wenye midomo salama walibaki, na Mwanaidi kati yao, ameishika karatasi mbele ya uso, anatabasamu. Aliwaona wengine wanatoka, akageuka kunitazama.

"Umesoma, Mwanaidi?"

"Nimesoma, mwalimu. Ni nzuri."

Kumbe kwaya ile yote alikuwa anaishika kwa masikio. Nukta, swali, pumzi, vyote alivinakili kutoka mdomoni mwangu, na maandishi ya daftari lake aliyachora kwa kumwangalia jirani. Alikuwa na akili kunizidi mara mbili, na nilikuwa nimeitumia miaka miwili kumzuia asijue herufi.

Sasa nakuja kwenye sehemu niliyoichana mara tatu. Wiki ile ile ilifika barua. Mkaguzi angerudi baada ya mwezi. Aliandika kwamba angependa kumsikia tena yule mtoto msomaji, na mwalimu mkuu alinidokeza kwamba kupandishwa kwangu daraja kunasubiri taarifa yake. Je, nilimwambia mwalimu mkuu nilichokigundua? Sikumwambia. Nilichagua ukurasa mpya, mgumu kidogo, nikamwita Mwanaidi wakati wa mapumziko, nikamsomea mara nne. Siku ya pili alikuwa ameshaukariri wote. Siku ya tatu alikuwa anatua penye nukta. Wiki nzima nilimfundisha kudanganya, na nililala usingizi.

Ijumaa, tulipomaliza, hakuondoka. Alisimama anachora duara sakafuni kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu, ile ya Salumu ina nini?"

"Ipi?"

"Ya fisi. Wenzangu wanacheka mpaka machozi, kwa pua. Na kuuliza mchana haturuhusiwi." Akanitazama. "Mimi nacheka wakicheka. Lakini sijui nacheka nini."

Vijana wangu, nimekaguliwa mara nyingi katika maisha yangu. Ukaguzi nilioushindwa vibaya ni huo.

Nilikwenda kwa Mwalimu Nampota siku ile ile, nikamwambia yote, pamoja na wiki ile ya kukaririsha. Nilitegemea anifukuze. Alikuna kidevu.

"Mwezi umebaki wiki tatu, Mama Shaibu. Hatasoma kama maji."

"Najua."

"Atasoma kama anapanda mlima na ndoo."

"Najua, Baba Agnesi."

"Basi kafundishe. Unasimama hapa kwangu kutafuta nini?"

Lakini nimfundishe kwa kitu gani? Hadithi za bibi yake alizijua kuliko wote, ila kuzisema mchana hakuruhusiwa, na kuziandika hakuweza. Nilimweleza tatizo hilo yeye mwenyewe, wazi, kama mtu mzima. Akafikiri kwa ile sura ya bibi yake.

"Habari haina pembe," akasema. "Ni hadithi tu."

Basi nikamwambia, nipe habari ya leo asubuhi. Akanipa. Walikuwa wanapanda kutoka bondeni, shangazi yake akajikwaa, ndoo ikamtoka kichwani ikabingirika mpaka chini kabisa walikotoka. Shangazi akaifuata anaitukana njia nzima kama mtoto mtoro: "Rudi! Nakwambia rudi! Ngoja nimwambie baba yako!" Watu wote bondeni wakatoka kumwona mwanamke anayegombana na ndoo.

Niliandika maneno yake jinsi alivyoyasema. Jinsi alivyoyasema, nasema, na Kimakonde chake ndani, na sentensi zake zisizo na mwisho. Nilitamani kunyoosha kila mstari. Sikunyoosha. Nikamwonyesha, hapa umesema "ndoo", hapa umesema "rudi". Alipoona kwamba "rudi" ziko mbili na zinafanana, akaweka kidole kwenye moja, kidole kingine kwenye ya pili, akaniangalia kana kwamba nimemfungulia kabati. Nilikata sentensi vipande, nikazichanganya, akazipanga. Kila asubuhi tulikuwa na habari mpya, na wale wenzake wachache wakawa wanakaa naye. Shangazi alipata sifa kubwa katika maandishi yale bila kujua.

Alhamisi ya wiki ya pili, katikati ya kimya, aliinuka mahali pake akaja mbio mezani kwangu na kitabu cha Salumu. Mdomo ameubana kwa nguvu zote. Akaweka kidole kwenye neno moja ukurasa wa tatu. Lilikuwa "rudi". Fisi alikuwa anamwambia dada yake rudi. Aliligonga neno lile kwa kidole, mara mbili, tatu, huku macho yamemtoka, halafu akarudi kukaa. Nililazimika kugeuka nifute ubao uliokuwa hauna kitu.

Mkaguzi akaja. Kabla sijawaambia siku ile ilivyoisha, niwape matokeo yake, nisiwafiche. Taarifa yake ilisema kiwango cha usomaji katika darasa langu kimeshuka sana. Daraja sikupandishwa mwaka ule wala uliofuata, na waliopita chuo wakanipita mbele. Ninyi nanyi mtaandikiwa hivyo. Siku mtakayoacha kuonyesha watoto na mkaanza kuwafundisha, kuna mtu atakuja aone kimya, kigugumizi, na hadithi zenye makosa, naye ataandika kwamba mmeshuka. Mwacheni aandike. Ninyi kesho yake saa nne ingieni darasani.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Mkaguzi aliketi mbele, mtu mpole, suruali imepigwa pasi, gazeti limekunjwa kwapani. Yalikuwa yameanza kutoka magazeti mengi miaka ile, na yeye alikuwa amenunua lake stendi ya Masasi. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kwamba Mwanaidi hatasoma ule ukurasa tuliouandaa. Nilipomwambia, akasema haina shida, mtoto hodari anasoma chochote. Akamnyooshea Mwanaidi gazeti.

Mwanaidi akasimama, akalifungua. Lilikuwa kubwa kuliko yeye, likamfunika uso wote. Tukangoja. Nje mbuzi akalia.

"Mbona hasomi?" mkaguzi akaninong'oneza.

"Anasoma, mzee."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya gazeti, si ile sauti ya kwaya, nyingine, nyembamba, inayotafuta mahali pa kukanyaga. "Ta... tanga... tangazo. Ma... mashi... mashine. Ya. Ku... ku..." Akarudi nyuma, akaanza tena. "Mashine ya kukoboa." Watoto hawakucheka. Ilimchukua muda ambao mkaguzi alitazama saa yake mara mbili.

"Mwalimu," akasema, kwa huruma ya kweli, "mwaka juzi mtoto huyu alikuwa anatiririka. Umemfanya nini?"

"Nimemfundisha kusoma," nikasema.

Hakunielewa, na sikumlaumu. Aliandika kidogo kwenye daftari lake, akasimama, akamkaribia Mwanaidi na kunyoosha mkono apewe gazeti lake. Gazeti halikushuka. Mkono ukabaki hewani.

"Haya mwanangu, inatosha. Kaa."

"Bado, baba," sauti ikasema nyuma ya gazeti. "Sijafika mwisho."

Nilimtazama Mwalimu Nampota, naye akanitazama. Hakuna aliyemwamuru mtoto. Basi tukasubiri, watu wazima watatu, tumesimama, mpaka amalize.